Kufundisha Uchaguzi wa Geji ya Mchanganyiko wa Hewa na Petroli

Walimu wa ufundi wa magari wanafahamu vema kwamba vijana hupenda injini yenye nguvu kuliko injini yenye afya. Mwanafunzi hajamaliza mwaka wa kwanza, tayari anauliza habari za tabo, za nozeli kubwa na za bomba pana la moshi. Shauku hiyo si mbaya, kwa maana ndiyo inayomleta karakanani mapema asubuhi. Lakini injini ikisha kubadilishwa, kipimo cha petroli kilichowekwa na kiwanda hakiifai tena, na fundi hana budi kupata chombo cha kumwonyesha kinachoungua ndani ya silinda. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi somo la kuchagua chombo hicho linavyoweza kufundishwa kwa vipindi vitatu, na kwa nini lisifundishwe kama orodha ya bidhaa za dukani.

Kosa lililotufunza

Tunaanza na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita wanafunzi wetu walifunga tabo katika injini ya silinda nne. Walinunua geji yenye taa za rangi, ikaunganishwa na kihisio cha oksijeni kilichokuwamo garini tangu kiwandani. Tuliwafundisha kwamba taa za kijani zikiwaka, mchanganyiko ni mzito na injini i salama. Walifuata maneno yetu. Siku ya tatu ya majaribio, taa zikiwa za kijani, pistoni ya silinda ya tatu iliyeyuka ukingoni. Injini ilipokwisha kutengenezwa tuliazima geji ya namna nyingine, tukaona kwamba katika mzunguko wa juu mchanganyiko ulikuwa 13.6, kwa sababu pampu ya petroli ilikuwa imechoka. Kwa injini yenye tabo, kipimo hicho ni cha hatari. Geji ya kwanza haikuwa mbovu. Sisi ndio tuliouliza chombo swali ambalo hakikuundwa kulijibu.

Shabaha za somo

Mwisho wa vipindi vitatu mwanafunzi aweze:
(a) kueleza tofauti kati ya kihisio kinachoamua na kihisio kinachopima;
(b) kukokotoa uwiano wa hewa na petroli kutokana na lamda;
(c) kuchagua geji inayofaa injini fulani na kutetea uchaguzi wake;
(d) kutambua mahali ambapo geji nzuri inaweza kudanganya.

Kipindi cha kwanza: kutoka mizani ya duka

Yafaa mwalimu aanze na jambo ambalo mwanafunzi analijua. Alete darasani mizani ya sahani mbili yenye jiwe la kilo moja, na mifuko miwili ya mchanga: mmoja wa kilo moja na robo, mwingine wa kilo mbili. Kila mfuko ukiwekwa, sahani inashuka hadi chini. Mizani inasema kweli kwamba mfuko umezidi kilo moja, lakini haisemi umezidi kwa kiasi gani. Kisha alete mizani ya springi yenye tarakimu. Sasa tofauti ya mifuko inaonekana mara moja.

Kihisio cha kawaida cha oksijeni ni mizani ya sahani mbili. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kukitengeneza kwa wingi mwaka 1976, kikatumika kwanza katika magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani. Kazi yake ni kuionyesha kompyuta ya gari kama mchanganyiko uko upande gani wa 14.7, yaani kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, kiasi ambacho petroli yote na oksijeni yote huungua pamoja. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, yaani petroli ni kidogo, kihisio hutoa karibu volti 0.1, ukiwa mzito, karibu volti 0.9. Kati ya hapo umeme hupanda ghafla kama ukuta. Ukisha kuwa mzito, volti hubadilika kidogo mno, na joto la moshi nalo huzigeuza. Ndiyo maana taa zetu zilibaki za kijani.

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: mbona kiwanda kilitosheka nacho? Jibu ni kwamba katika mwendo wa kawaida kompyuta hukisikiliza na kurekebisha petroli. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, kompyuta ya namna hiyo huacha kukisikiliza na kufuata jedwali lake lenyewe. Jedwali hilo liliandikwa kwa injini ambayo haijaguswa. Tukibadili injini, tumelifanya jedwali kuwa la uongo, na pale pale ambapo jedwali linatawala, kihisio hakina msaada.

Kipindi cha pili: chombo kinachopima

Kihisio cha masafa mapana kina sehemu mbili: chumba kidogo kinachopokea moshi, na pampu ndogo ya umeme inayoingiza au kutoa oksijeni. Kidhibiti huiendesha pampu hiyo ili chumba kibaki daima katika volti 0.45. Mkondo wa umeme unaohitajika kufanya hivyo ndio kipimo. Mwalimu asiingie ndani zaidi ya hapo. Inatosha mwanafunzi aelewe kwamba chombo hiki kinahesabu kazi ya pampu, na kwamba hakiwezi kufanya kazi bila kupashwa moto na kidhibiti chake.

Hapa yafaa kuingiza lamda. Lamda ni uwiano uliopo ukigawanywa kwa uwiano wa mwako kamili wa mafuta yanayotumika. Kwa petroli, lamda 0.85 ni sawa na 12.5 hivi. Kwa ethanoli, ambayo uwiano wake kamili ni 9.0, lamda hiyo hiyo ni 7.65. Lakini geji iliyopangiwa petroli itaandika 12.5 kwa mafuta yote mawili, kwa kuwa kihisio hakiyajui mafuta, chajua lamda tu. Wanafunzi wakikokotoa mifano mitatu ya namna hii ubaoni, hawataisahau.

Mwalimu awape pia viwango vya kuanzia, akisisitiza kwamba ni vya kuanzia tu. Kwa petroli katika mwendo wa taratibu, karibu 14.7. Mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, injini isiyo na tabo hutaka kati ya 12.5 na 13. Yenye tabo hutaka mchanganyiko mzito zaidi, kati ya 11 na 12, kwa kuwa petroli ya ziada hupoza silinda na kuizuia injini isigonge.

Mfano wa kwetu ni kabureta. Gari lililorekebishwa Mombasa, likipandishwa Nairobi, hukuta hewa iliyopungua uzito kwa asilimia 15 hivi. Kabureta ya kawaida haitambui upungufu huo sawasawa, na mchanganyiko huwa mzito. Fundi mwenye geji ya kupima huona badiliko hilo kabla plagi hazijawa nyeusi.

Kipindi cha tatu: maswali ya kuchagua

Wanafunzi wagawanywe katika vikundi, kila kikundi kipewe injini moja na maelezo ya geji tatu yaliyofunikwa majina ya watengenezaji. Wajibu maswali haya:

1. Je, geji hii inaamua au inapima? Kwa injini iliyobadilishwa, ya kwanza ikataliwe, hata kama ni rahisi na inapendeza.

2. Inatumia kihisio gani, nacho kinapatikana? Kihisio ni kitu cha kuchakaa. Geji nyingi hutumia Bosch LSU 4.2 au LSU 4.9. Vihisio hivi viwili havibadilishani ovyo. Kidhibiti lazima kiwe kimeundwa kwa kile kinachofungwa. Geji nyingi za 4.2 hutaka kurekebishwa katika hewa safi mara kwa mara, za 4.9 kwa kawaida hazihitaji.

3. Itazungumza na nani? Kama fundi atarekodi safari au kuiunganisha na kompyuta ya injini, geji iwe na waya wa kutoa taarifa. Nyingi hutoa volti 0 hadi 5. Tuseme volti 0 ni uwiano 10 na volti 5 ni uwiano 20. Basi volti 1.25 ni 12.5. Waya wa kuunga na bodi ukiwa mbaya, kompyuta ikasoma 1.35, itaamini 12.7 huku uso wa geji ukisema 12.5. Zinazotuma tarakimu badala ya volti haziangukii kosa hili.

4. Itasomwaje? Dereva aliye kasi hawezi kukodolea tarakimu zinazorukaruka. Mshale au taa ya onyo humfaa barabarani. Rekodi humfaa fundi baadaye.

5. Ni mafuta gani? Risasi huua kihisio. Petroli yenye risasi iliondolewa katika vituo vya Afrika Mashariki kufikia mwaka 2006, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuiacha mwaka 2021. Hata hivyo baadhi ya petroli za mashindano bado zinayo. Gundi za silikoni zisizofaa nazo hukiharibu.

Uchaguzi haumaliziki dukani. Kihisio kifungwe kabla ya kisafisha moshi, ambacho mafundi wengi hukiita masega, na baada ya tabo. Kiinamishwe juu ya mstari wa ulalo kwa nyuzi 10 au zaidi, ili maji ya mvuke yasikipasue. Kisiachwe ndani ya bomba bila umeme injini ikiwaka, maana masizi yatakifunika.

Fumbo la kufungia somo

Mwalimu aandike ubaoni: “Geji inasema 18, lakini plagi moja imeloa petroli. Nani mwongo?” Awaache wabishane. Tumeona kwamba wengi huilaumu geji, na wachache huongeza petroli. Jibu ni kwamba hakuna mwongo. Silinda moja haiwaki; hewa yake inatoka na oksijeni yote, na kihisio hupima oksijeni, hakipimi petroli. Ufa katika bomba la moshi hudanganya kwa njia hiyo hiyo. Anayeongeza petroli hapo anazidisha ugonjwa.

Maswali ya zoezi

1. Kokotoa uwiano wa petroli kwa lamda 0.80 na lamda 1.05.
2. Geji ya volti 0 hadi 5 iliyotajwa juu inatoa volti 0.9. Je, injini yenye tabo i salama?
3. Eleza kwa nini taa za kijani hazikuilinda pistoni ya silinda ya tatu.

Pistoni ile tumeihifadhi karakanani. Kila mwaka huwapitishia wanafunzi mkononi kabla ya kufungua daftari, nasi huwaambia ni nani aliyewafundisha wenzao kuziamini taa zile. Mwalimu akikiri kosa lake, mwanafunzi hujifunza kulikagua lake mwenyewe. Na fundi anayejikagua ataiuliza geji swali lililo sahihi.