Mtu na Neno Lake



Siku moja mwanafunzi alileta darasani kipande cha boksi kutoka sokoni Bunia, chenye maandishi ya Kichina. Akauliza: «Mwalimu, haya yasemaje?» Sikuweza kuyasoma. Lakini alama moja ya Kichina naijua, nami nikaiandika ubaoni: 信.

Wachina huitamka karibu na «shin». Maana yake ni kusadiki, na pia uaminifu, na pia barua. Itazameni vema. Upande wa kushoto mna mistari miwili, ndiyo alama ya mtu. Upande wa kulia mna mistari saba, ndiyo alama ya neno. Mtu amesimama karibu na neno lake.

Ndivyo alivyoieleza mwanachuoni Xu Shen katika kamusi yake, aliyoimaliza yapata mwaka 100 baada ya Kristu. Lakini mwalimu asifundishe nusu ya kweli: wataalamu wengi wa siku hizi huona kwamba sehemu ya mtu ilitiwa hasa kuonyesha sauti. Hata hivyo, maelezo ya Xu Shen yamefundisha vizazi vingi. Padri Matteo Ricci, Mjesuiti wa Italia aliyeingia China mwaka 1583, alijifunza alama hizi kwa bidii kubwa ili apate kuhubiri. Hata leo Wakatoliki wa China huandika «Nasadiki» kwa alama hii hii.

Je, sisi tunayo hazina ya namna hiyo? Tunayo. Andikeni ubaoni: amini, imani, uaminifu, amana, amani. Maneno haya yametufikia kutoka Kiarabu, na yote yana shina moja, lenye maana ya usalama na uthabiti. Na «Amina» tusemayo mwisho wa sala yatoka katika Kiebrania, kwa shina lilo hilo. Basi anayesema Amina asema: hili ni thabiti, nami nasimama juu yake.

Hapa Bogoro twajua hasara ya kukosa mambo hayo. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji chetu kilishambuliwa, na watu wengi wakauawa. Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hukumu juu ya shambulio hilo. Hukumu ni jambo la haki. Lakini hakuna hakimu awezaye kumwamuru mtu amwamini jirani yake. Imani hiyo hurudi polepole, kwa mambo madogo. Ukiazima jembe la mtu wa kabila jingine, ukasema utalirudisha Jumamosi, basi lirudishe Jumamosi. Siku hiyo umeandika 信 bila kalamu.

Wachina wa kale hawakuijua Injili walipoandika alama hii. Lakini sisi Wakristu, tukiona mtu na neno pamoja, twamkumbuka Yeye aliye Neno la Mungu, aliyejifanya mtu akakaa kwetu. Ahadi ya Mungu haikubaki sauti tu. Ilikuja na mwili.

Maswali kwa wakatekumeni:
1. «Amina» yatufunga kufanya nini?
2. Neno gani umelitoa, wala hujasimama karibu nalo?
3. Ni nani anayelingoja?