Simu za Tawini Zinakwaruza? Tafuta Foleni Ilipo

Mdogo wangu uliyeniandikia kuhusu simu za tawini, umefanya mengi sahihi. Umeitenga sauti, umeipa kipaumbele, sera umeiweka kwenye intafesi ya ruta, na bado mafaili yakianza kutumwa makao makuu simu zinakwaruza. Ukaihamishia sera kwenye sabu-intafesi, ruta ikaikataa. Bosi anasema hujui kazi. Kazi unaijua; kuna jambo moja tu hukuambiwa, na linaniuma kuona vijana wanalaumiwa kwa ajili yake.

Lango la ruta yako, yaani hiyo intafesi, lina uwezo wa Mbps 1,000. Mkataba wa kiungo cha tawi ni Mbps 20. Ruta haina habari za mkataba. Inaona lango jeupe, inasukuma kila kitu, na pakiti zinakwenda kutupwa mbele, kwenye mtambo wa mtoa huduma, sauti na mafaili bila kuchagua. Kipaumbele kina maana penye msongamano tu. Gari la wagonjwa linapigia king'ora foleni, na foleni yako umeiacha kwa mtu mwingine.

Sabu-intafesi nayo haina foleni yake. Ni lango la kimantiki tu, limetengwa kwa namba ya VLAN juu ya lango halisi. Ndiyo maana ruta nyingi za Cisco hukataa sera ya foleni ikiwekwa hapo peke yake. Foleni lazima uizalishe mwenyewe, kwa sera mbili. Sera mama ina kundi moja, class-default, lenye amri ya shape average 20000000: inabana mwendo usizidi Mbps 20, pakiti zinaanza kusubiri ndani ya ruta yako. Ndani yake unaiita sera mtoto, yenye kugawa: priority kwa sauti, bandwidth kwa mfumo wa uhasibu, vingine vipate kinachobaki. Kwenye sabu-intafesi unaweka ile mama, kwa service-policy output. Mimi hushusha hadi Mbps 19, nikiachia nafasi vichwa vya Etheneti ambavyo ruta huenda isivihesabu.

Hesabu ya sauti usiifanye kwa kubahatisha. Simu moja ya G.711 hula takriban kbps 80 ukijumlisha vichwa vya IP. Simu 20 kwa pamoja ni Mbps 1.6, basi tenga 2. Msongamano ukiwepo, kinachozidi hapo kinatupwa, tena hakitupwi kwa simu iliyochelewa kuingia: zote zinaharibika, hata ya mteja aliyekuwa akiongea vizuri. Kwa hiyo weka kikomo cha idadi ya simu kwenye mtambo wa simu wenyewe.

Upande wa kushuka huwezi kuzipanga pakiti zilizokwisha kupita kwenye kiungo. Mwombe mtoa huduma aweke sera kama hiyo kwenye ruta yake, na iandikwe kwenye mkataba.

Ukimaliza, subiri saa ya mafaili, kisha piga show policy-map interface. Kundi la sauti likionyesha pakiti zinatupwa, umelibania. Idadi ya pakiti zake ikisoma sifuri huku watu wanaongea, na kundi hilo huzitambua kwa alama ya EF, yaani DSCP 46, basi pakiti za simu huenda zimefika bila alama hiyo; anzia kwenye simu na swichi, ruta iache kwanza.