Kumtambua Kigogota wa Mombasa: Mafunzo Niliyopata Arabuko-Sokoke

1. Usianze na wekundu. Wageni ninaotembea nao katika msitu huu ulio kati ya Kilifi na Malindi wakimwona kigogota hutaja kwanza kichwa chake. Lakini vigogota wengi wa hapa wana wekundu kichwani. Wekundu hukuambia tu kwamba umekutana na kigogota.

2. Tazama kifua, na uwe na subira. Hili nalithamini kuliko mengine yote. Kigogota wa Mombasa, ambaye wanasayansi humwita Campethera mombassica, ana michirizi myeusi inayoteremka kifuani. Jirani yake wa msituni, Campethera cailliautii, ana madoa. Mgongo hausaidii, maana wote wawili ni wa kijani chenye vitone vyeupe-njano. Tatizo ni kwamba kigogota hukumbatia shina, hivyo kifua hujificha. Usimkimbilie. Simama palepale mpaka azunguke shina au arukie tawi jembamba, ubavu wake ujitokeze.

3. Kisha panda hadi shavuni. Wa Mombasa ana mstari kama sharubu kutoka kwenye mdomo kuelekea shingoni, na wa dume una wekundu ndani yake. Cailliautii hana mstari huo, awe dume au jike.

4. Yupo wa tatu, Dendropicos fuscescens, anayefika hadi mashambani. Huyu naye ana michirizi kifuani! Ila ni mdogo, kama sentimita 15 wakati wa Mombasa hukaribia 20. Paji lake ni la kahawia, na mgongoni ana mistari ya kukingama badala ya vitone.

5. Sikiliza misafara. Msitu unaweza kuwa kimya kabisa, kisha ghafla miti ya mirihi ikajaa ndege wa aina nyingi wanaowinda wadudu pamoja. Kigogota wa Mombasa mara nyingi huwa miongoni mwao.

6. Miti mikavu ina wenyewe. Kigogota huchimba kiota katika mbao zilizolainika kwa kuoza, na akihama, kwezi na ndege wengine wasioweza kuchimba huingia. Kigogota wa Mombasa hapatikani kwingine duniani ila katika ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia kusini mwa Somalia hadi kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Wewe mwenye shamba linalopakana na msitu, ukiona mti uliokauka na hauhatarishi nyumba wala njia, tafadhali uache usimame.