Kabla ya Kupima Uzito wa Sanduku, Mpime Msafiri



Siku hizi si ajabu kusikia kwamba mama fulani wa jumuiya yetu anakwenda Marekani, Uingereza au Oman kumwona mwanawe. Watoto tuliowalea kwa ugali wa uwele na mlenda wamesoma, wamepata kazi au wameolewa huko ng'ambo, na sasa wanataka wazazi wao wawaone wajukuu. Ni jambo la furaha. Lakini sisi wauguzi wa kliniki ya presha na kisukari huiona safari hiyo kwa upande wake mwingine. Msafiri hutujia siku 2 au 3 kabla ya kuondoka. Amechoka, hakulala, tiketi iko mkononi na presha imepanda. Familia imeshughulikia pasipoti, viza, masweta na zawadi. Mwili wa huyo anayesafiri umeachwa uwe wa mwisho.

Katika somo hili tuangalie namna ya kumwandaa mzazi wa makamo au mzee ambaye tayari anatumia dawa kila siku. Huyo anapaswa kufika kliniki miezi 3 kabla ya safari, au walau wiki 6.

Kwa nini mapema hivyo?

Dawa ya presha haifanyi kazi kama ya kuumwa kichwa. Daktari akikubadilishia dawa au kipimo chake, huhitaji wiki 2 hadi 4 kuona kama imekufaa. Mtu akifika kwetu na presha ya 180 kwa 110 siku mbili kabla ya ndege, tunampeleka kwa daktari siku hiyo hiyo, na huenda akashauriwa kuahirisha. Hapo familia nzima hununa, kwa maana tiketi imelipiwa kwa ng'ombe.

Tena nyumba yenye safari haina utulivu. Wageni huja kuaga, kila mmoja na salamu zake na kifurushi chake. Mzee huitwa Dar es Salaam kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya viza, huenda na kurudi. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari hiyo imekuwa nyepesi, lakini bado ni siku nzima nje ya nyumba, na kidonge cha asubuhi kimebaki juu ya kabati. Nimeona mara nyingi kwamba wiki ambayo mtu humeza dawa ovyo kuliko zote ni ile wiki ya mwisho kabla ya kusafiri. Mteueni kijana mmoja hapo nyumbani awe mkumbushaji. Kazi yake iwe hiyo tu, asichanganyiwe na ya kununua mabegi.

Hesabu ya vidonge

Mama mmoja aliyekuwa anakwenda kukaa miezi 3 alikuja kuchukua dawa za mwezi 1. Alisema, "Nyingine mwanangu atanunua huko." Ndugu zangu, katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani duka la dawa halikuuzii dawa ya presha wala ya kisukari bila cheti cha daktari wa huko, na kumwona daktari huyo ni gharama. Kwa hiyo tulipiga hesabu pamoja. Miezi 3 ni siku 90. Tuliongeza siku 14, kwa kuwa ndege huahirishwa na wajukuu huomba bibi abaki kidogo. Zikawa siku 104. Metformini anameza mara 2 kwa siku, hivyo alihitaji vidonge 208. Alishtuka. Hata sisi ilibidi tuagize, maana si kila siku kituo kina akiba ya kiasi hicho.

Dawa hizo zibaki katika pakiti zake zenye majina, si katika kile kikaratasi cha kaki au chupa ya zamani ya vitamini. Ziwekwe katika mkoba wa mkononi, zisiingie katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Sanduku hupotea, au hufika baada ya siku 3. Kwa insulini jambo hili ni la lazima zaidi, kwani mizigo ya chini yaweza kupata baridi kali, na insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka tena. Wale wanaotunza insulini ndani ya chungu cha udongo chenye maji wanajua kwamba joto nalo ni adui. Njiani itunzwe katika chupa ya chai tupu iliyopozwa au mfuko wa ubaridi, lakini isigusane na barafu.

Omba daktari akuandikie barua kwa Kiingereza. Ieleze ugonjwa wako, jina halisi la kila dawa (si jina la kiwanda), kipimo chake, na kwamba unabeba sindano. Jina lako katika barua lifanane na lile la pasipoti. Kadi nyingi za kliniki zimeandikwa jina la ubatizo na la mume, na pasipoti ina jina jingine kabisa. Mkaguzi wa uwanja wa ndege hawezi kujua kwamba wote ni wewe.

Wanaokwenda nchi za Ghuba wawe waangalifu zaidi. Dawa za maumivu kama tramadoli na zile zenye kodeini zina sheria kali huko. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa mfano, kuziingiza bila kibali ni kosa la jinai. Usikubali kubebeshwa kifurushi cha dawa za jirani usichokijua, hata kama jirani huyo mnasali naye benchi moja.

Saa zetu na saa zao

Hapa ndipo wazee wetu huchanganyikiwa. Mtoto akisema kwa saa za Kizungu kwamba dawa imezwe saa 8 asubuhi, maana yake ni saa 2 kwetu. Mzee aliyezoea kuhesabu Kiswahili aweza kumeza saa 8 mchana. Mwandikieni kwa maneno: baada ya chai ya asubuhi, kabla ya kulala.

Kisha kuna tofauti ya nchi na nchi. Muscat wako mbele yetu kwa saa 1 tu, haisumbui. London wako nyuma kwa saa 2 au 3 kulingana na majira. New York wako nyuma kwa saa 7 au 8, yaani saa 12 jioni ya Dodoma wakati wa baridi yao ni saa 4 asubuhi kwao. Anayemeza kidonge kimoja cha presha kwa siku hana tatizo kubwa. Atasogeza saa yake polepole. Lakini anayechoma insulini asibahatishe. Anapokwenda magharibi siku yake inarefuka, na daktari ndiye wa kumpangia achome lini na kiasi gani. Jambo moja alishike: ndani ya ndege, kama insulini yako ni ya kuchoma kabla ya kula, usichome mpaka sahani iwe mbele yako. Wahudumu wa ndege huchelewa, na ndege ikitikisika chakula husimamishwa. Beba biskuti na sukari au glukosi mfukoni. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho, kuhisi njaa kali au kuchanganyikiwa, kula sukari kwanza, maswali baadaye.

Na mkifika huko msitishwe na mashine. Sisi hupima sukari kwa kipimo ambacho 7 ni ya kuangaliwa. Mashine za Marekani hutumia kipimo kingine, na 7 yetu husomeka 126. Ukitaka kulinganisha, zidisha ya kwetu kwa 18. Binti mmoja alipiga simu usiku akilia kwamba sukari ya mama yake imefika 130. Mama alikuwa mzima, anakunywa uji.

Maji na miguu

Wengi wetu tuna tabia tuliyoipata kwenye mabasi. Ili usisumbuke njiani, hunywi maji tangu jana yake, kwa sababu basi husimama kuchimba dawa mara moja tu, na kichakani kwenyewe hakuna faragha. Wengine huacha kabisa kidonge kile cha kukojoa. Tabia hiyo ihamishwapo kwenye ndege huleta madhara. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu kuliko hata ya Dodoma mwezi wa Septemba, na safari ni ya saa nyingi. Choo kipo, ni safi, kiko hatua chache. Mwonyesheni mzee kabla hajaondoka, hata kwa picha, jinsi mlango wake unavyofungwa, na mwambieni kwamba choo hicho hutoa mlio mkubwa kinapovuta maji. Nacheka ninapoandika haya, lakini wapo waliojizuia safari nzima kwa kuogopa mlango.

Mtu akikaa zaidi ya saa 4 bila kujongea, damu yaweza kuganda katika mishipa ya miguu. Walio hatarini zaidi ni waliofanyiwa upasuaji karibuni, wajawazito na waliojifungua karibuni, wanene sana, wagonjwa wa saratani, na waliowahi kupata tatizo hilo. Hao wamwone daktari mapema. Wengine wote wasimame na kutembea kila baada ya saa 1 au 2, na wanapoketi wazungushe vifundo vya miguu kama mtu anayekanyaga cherehani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla na kifua kuchoma, nenda hospitali bila kuchelewa, hata kama zimepita wiki kadhaa tangu ushuke ndegeni.

Wagonjwa wa moyo, wa mapafu na wenye upungufu mkubwa wa damu wajue kwamba hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi, kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Dodoma tuko kwenye mita 1,100 hivi. Anayehema akipanda ngazi za hospitali yetu apimwe kwanza.

Chanjo na chandarua

Cheti cha homa ya manjano hutegemea unakokwenda na unakopitia, kwa hiyo uliza unapokata tiketi. Anayerudi nyumbani kupitia Nairobi au Addis Ababa na kukaa pale zaidi ya saa 12 aweza kudaiwa cheti akiingia Tanzania. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Aliyefikisha miaka 60 asichomwe kabla daktari hajamtazama, kwa sababu kwa umri huo madhara yake, ingawa ni nadra, huwa makubwa zaidi.

Malaria je? Mkoa wetu ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo, na hilo hutufanya tujisahau. Mzee akilala usiku 3 kwa ndugu Morogoro au Dar es Salaam bila chandarua, ugonjwa waweza kujitokeza wiki 1 au 2 baadaye, akiwa tayari ng'ambo. Huko daktari atadhani ni mafua. Basi homa yoyote ndani ya miezi 3 tangu uondoke, mtoto aseme mlangoni kabisa mwa hospitali: mama ametoka Tanzania, mpimeni malaria.

Kuhusu bima, kadi unayotumia hapa haitakutibu huko. Wanaoomba viza ya Schengen hutakiwa kuwa na bima ya safari ya euro 30,000 au zaidi. Marekani hawadai hivyo kwa mgeni wa matembezi, lakini usiku mmoja wa hospitali huko waweza kumaliza akiba ya mwanao. Someni masharti yake vizuri. Bima nyingi za bei nafuu hazigharimii ugonjwa uliokuwa nao kabla.

Bibi anayekwenda kulea

Akina bibi wengi huitwa kwa ajili ya uzazi. Usione umedharauliwa ukiambiwa uchome chanjo ya kifaduro kabla ya kumshika mjukuu. Huko ni kawaida, na ugonjwa huo huua watoto wachanga. Mtoto hulazwa chali, katika kitanda chake mwenyewe, bila mto. Hapewi maji wala uji kabla ya miezi 6, na hilo hata hapa tunalihubiri kila Jumanne. Dawa za mizizi za tumbo la mzazi ziache. Uingereza na nchi za Ulaya huzuia pia nyama iliyokaushwa, maziwa na samli. Marekani nayo huzuia nyama. Zabibu kavu na karanga zilizokaangwa kwa kawaida hupita, ila ziandikwe kwenye fomu ya forodha.

Mkirudi, fikeni kliniki ndani ya wiki 2 mkiwa na daftari la presha na sukari. Na zile chupa za dawa za ng'ambo msizigawe kama pipi. Tumekuta wazee watatu wa ukoo mmoja wakimeza dawa moja ya presha iliyoletwa na shangazi, na mmoja wao hakuwa na presha kabisa. Zileteni zote mezani kwetu tusome majina yake, kisha tuwaambie ipi imezwe na nani.