Kabla ya Kunyoosha Mkono: Adabu za Mjadala Baada ya Filamu



Ndugu zangu katika imani, darasa la toleo hili linatoka mahali ambapo wengi wetu hatutarajii kukuta darasa: ukumbi wa tamasha la filamu, pale taa zinapowashwa na kipaza sauti kinapoanza kuzungushwa kwa watazamaji. Naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Kosa langu

Mwaka jana nilihudhuria jioni moja ya filamu fupi hapa Kampala. Filamu ya tatu ilikuwa ya binti mmoja mwanafunzi. Ilihusu usiku wa tarehe 11 Julai 2010, mabomu yalipolipuka Kyadondo na Kabalagala na kuua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Ilianza na kijana mwenye kanzu na kofia anayetembea gizani, begi mgongoni, huku muziki wa hofu ukipanda. Moyo wangu ukachemka. Nilijisemea: yale yale. Wakati wa Maghribi ukaingia, nikatoka kuswali, nikarudi majina ya waigizaji yakiwa yanapita.

Mjadala ulipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Sikuuliza swali. Nilihutubu. Nilizungumzia vyombo vya habari, chuki dhidi ya Uislamu, na wasanii wanaouza dini za watu ili wapate ufadhili. Marafiki zangu waliokaa nyuma wakaitikia kwa takbira.

Mwongozaji wa filamu akasubiri nimalize, kisha akauliza kwa upole, "Kaka, umeiona filamu yote?"

Nikajibu kuwa nimeona ya kutosha.

Akaeleza kwamba begi la kijana yule lilikuwa na misahafu ya watoto wa madrasa. Katika nusu ya pili, ambayo sikuiona, kijana huyo anabeba majeruhi kwa mikono yake mpaka kanzu inajaa damu, na alfajiri anakamatwa kwa sababu ya kanzu hiyo hiyo. Kisa hicho kilitokana na yaliyomkuta kaka yake. Naye mwenyewe ni Mwislamu. Jina lake, ambalo sikujisumbua kulisoma kwenye ratiba, ni jina la mmoja wa mama wa waumini.

Ukumbi haukucheka. Laiti ungecheka.

Baadaye nilimfuata uani kuomba radhi. Alinisamehe, lakini alisema neno ambalo bado ninalo kifuani: kwamba tangu aanze kuandika filamu ile alikuwa akisubiri siku ambayo Mwislamu atasimama ukumbini na kuizungumzia, na aliposimama mmoja, alikuwa mimi.

Zingatieni, kosa langu halikuwa kwenda kuswali. Swala ilikuwa haki ya Mola wangu, na ningeiacha ningekosa zaidi. Kosa lilikuwa kutoa hukumu juu ya kitu ambacho sikukiona.

Hukumu hufuata taswira

Sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu tunaijua kanuni ya wanazuoni kwamba hukumu juu ya jambo ni tawi la kulielewa jambo lenyewe. Mufti hatoi fatwa ya muamala wa benki kabla hajajua pesa inatoka wapi, inaingia wapi na nani anabeba hasara. Tunaikariri kanuni hii kwa ajili ya mtihani, kisha tunaiacha mlangoni tunapoingia ukumbi wa filamu. Na Suratul-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakiki habari inapotufikia, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mimi nilijuta dakika tano tu baadaye.

Historia ina mfano mzito kuliko wangu. Mwaka 1976 Moustapha Akkad, mwongozaji mzaliwa wa Syria, alitoa filamu ya Ar-Risala, inayosimulia mwanzo wa Uislamu. Aliitengeneza mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kila moja na waigizaji wake, na katika zote mbili Mtume (S.A.W.) haonyeshwi umbo wala hasikiki sauti. Hata hivyo, mwezi Machi 1977 kundi lenye silaha mjini Washington liliteka watu zaidi ya 100, na mojawapo ya madai yake ilikuwa filamu hiyo iondolewe kwa kuwa inaitusi dini. Mwandishi kijana wa redio aliuawa katika tukio hilo. Leo filamu hiyo hiyo hutazamwa katika nyumba nyingi za Waislamu, watoto wakimlilia Sayyidna Hamza (R.A.). Tofauti ya makundi haya mawili si mapenzi kwa Mtume. Kila upande ungedai kumpenda. Tofauti ni kutazama kwanza.

Vikao vya tamasha na haki zake

Huenda ukauliza: kwani tamasha la filamu lina mazungumzo gani? Filamu huru ni ile ambayo haikutengenezwa na kampuni kubwa. Pesa yake hutoka mfukoni, kwa marafiki au kwa mifuko ya ufadhili, na mara nyingi haina sinema inayoisubiri. Tamasha ndipo inapokutana na watu. Ndiyo maana aliyeitengeneza huwa yupo pale, hatua chache kutoka kiti chako. Mwongozaji wa Hollywood hatakusikia maisha yake yote. Huyu atakusikia leo, na huenda filamu yake ijayo ikabeba neno lako.

Hapa Kampala si jambo geni. Tamasha la Amakula lilianzishwa mwaka 2004, na mwaka huo huo Mira Nair akaanzisha Maisha, mafunzo ya filamu kwa vijana wa Afrika Mashariki, kwa imani kwamba tusiposimulia habari zetu wenyewe hakuna atakayetusimulia. Hata kabla ya hapo, katika vibanda vya video vya mitaani, filamu haikutazamwa kimya. Veejay hukaa na kipaza sauti chake, akitafsiri kwa Kiganda na kutia maoni yake katikati ya risasi. Filamu ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, imeenea duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake. Kwa hiyo sisi ni watu wa kuijadili filamu tangu zamani. Tunachokosa ni adabu ya kujadili, si mazoea.

Katika tamasha utakuta vikao vya aina tatu, na kila kimoja kina haki yake.

Cha kwanza ni maswali na majibu mara baada ya filamu. Haki yake ni ufupi. Muda ni dakika 15 au 20 na watu ni wengi. Anayetumia dakika nne kuhutubu amewadhulumu wengine wenye maswali.

Cha pili ni mjadala wa jopo: watu watatu au wanne mbele, pamoja na mwendesha mjadala, wakizungumzia mada kama ufadhili, usambazaji, au nani ana haki ya kusimulia maisha ya nani. Haki yake ni maandalizi. Soma mada mapema na ujue nani anakaa pale.

Cha tatu hakimo kwenye ratiba: mazungumzo ya uani, penye chai na sambusa. Haki yake ni staha na siri. Yale ambayo mtu amekueleza pembeni ni amana. Usiyapeleke kwenye kundi la WhatsApp usiku huo huo.

Adabu tatu kutoka kwa Ibn Abbas

Khawarij walipojitenga na Sayyidna Ali (R.A.) na kukusanyika Harura, Abdullah bin Abbas (R.A.) aliomba ruhusa aende kuzungumza nao. Tuliangalie tendo lake kama somo la mjadala.

Adabu ya kwanza ni kuwaendea. Alivaa nguo nzuri ya Yemen akaenda kwao, mahali ambapo hakupendwa. Hakuwangoja msikitini kwake wala hakuwasema kwa mbali. Sisi mara nyingi tunaandika malalamiko kuhusu filamu tukiwa hosteli, na ukumbini hatuonekani.

Adabu ya pili ni kusikiliza mpaka mwisho. Aliwauliza wana malalamiko gani. Wakataja moja, la pili, la tatu. Hakukatiza. Kila walipotaja moja aliuliza kama kuna jingine, na hakuanza kujibu mpaka waliposema yametosha. Ukumbini maana yake ni kuitazama filamu hadi mwisho, na kumwacha msemaji amalize sentensi yake.

Adabu ya tatu ni kujibu kilichosemwa, kimoja kimoja, kwa hoja ambayo upande wa pili unaikubali. Alijibu kwa Qur'ani na kwa matendo ya Mtume, na kila alipomaliza hoja moja aliwauliza kama wameridhika nayo kabla ya kwenda kwa nyingine. Riwaya zinasema watu 2,000 walirejea siku ile. Hakuwashinda kwa kelele.

Haya yanaafikiana na maelekezo ya Suratun-Nahl, aya ya 125: hekima, mawaidha mema, na kujadiliana kwa njia iliyo bora. Na Imamu Shafi'i amepokewa akieleza kwamba alipojadiliana na mtu hakujali haki idhihirike kwa ulimi wake au kwa ulimi wa mwenzake. Jipime kwa kipimo hicho kabla ya kunyoosha mkono: nikigundua nimekosea, nitafurahi?

Kwa dada zetu nasema: msidhani kusema mbele ya hadhara ni jambo la wanaume peke yao. Khawla binti Tha'laba (R.A.) alimjadili Mtume (S.A.W.) kuhusu mumewe, Allah akaisikia kauli yake kutoka juu ya mbingu saba, na sura nzima ikaitwa Al-Mujadila. Mara nyingi swali ambalo ukumbi unalihitaji liko kwa dada aliyekaa kimya safu ya nyuma.

Imamu ndani ya filamu

Kwa darasa letu napendekeza filamu ya Timbuktu ya Abderrahmane Sissako wa Mauritania, iliyotoka mwaka 2014 na kupata tuzo saba za César nchini Ufaransa mwaka 2015. Inahusu mji wa Timbuktu ulipokuwa mikononi mwa wapiganaji wenye silaha mwaka 2012. Humo yumo imamu wa mji. Wapiganaji wanaingia msikitini na viatu na bunduki, naye anawazuia kwa sauti ya chini. Baadaye anakaa na kiongozi wao na kumkumbusha kuhusu rehema na kusamehe. Hapigi kelele hata mara moja. Nilipoitazama niliona aibu, kwani mhusika wa kuigiza alikuwa na adabu ya mjadala kuliko mimi nisomaye adabu hizo chuoni. Nikaona pia jambo jingine: mwongozaji aliyeweza kumwonyesha mwanachuoni wa Kiislamu kwa heshima namna ile lazima aliwahi kukaa na mmoja na kumsikiliza. Je, waongozaji vijana wa Kampala wamewahi kukaa na nani kati yetu?

Mambo ya kuchunga

Simaanishi kila tamasha liendewe wala kila filamu itazamwe. Soma maelezo ya filamu kwanza; yenye uchafu iache, na aliye na shaka amuulize mwanachuoni anayemwamini. Chunga macho, na chunga mipaka ya kukaa pamoja. Zanzibar, ambako tamasha la nchi za jahazi limefanyika Ngome Kongwe tangu 1998, filamu zimepelekwa pia vijijini na vikao vya wanawake vikaandaliwa. Yaani utaratibu unaweza kupangwa kulingana na watu.

Kuhusu swala, sisi tuko karibu na ikweta, na Maghribi ya Kampala haisogei mbali na saa moja kasorobo mwaka mzima. Kwa hiyo hakuna udhuru wa kushtukizwa. Angalia ratiba, chagua onyesho la alasiri, au jua mapema pa kuswalia. Ukilazimika kutoka, toka. Ukirudi, kaa usikilize, na umuulize jirani ulichokikosa.

Maswali ya kujadili darasani

1. Taja jambo moja ulilowahi kulihukumu kabla ya kulielewa. Nani aliumia?
2. Kati ya adabu tatu za Ibn Abbas, ipi ni ngumu zaidi kwako, na kwa nini?
3. Andika swali moja la sentensi mbili ungemuuliza mwongozaji wa filamu inayomwonyesha Mwislamu kwa ubaya. Lisomwe kwa sauti, wenzako waseme kama ni swali au ni hotuba.
4. Jumuiya yetu ingemwalika mwongozaji kijana aonyeshe filamu yake hapa chuoni, tungempokea vipi?

Swali la nne si la mazoezi tu. Yule dada niliyemkosea amekubali kuja muhula ujao na filamu yake. Tutaanza baada ya Alasiri na tutamaliza kabla ya Maghribi, ili asiwepo wa kutoka katikati. Nimeomba nisiwe mwendesha mjadala. Nitakaa safu ya mbele, nitazame mpaka mwisho.

Allah atujaalie ndimi zinazosema haki na masikio yanayoitambua inapotoka kwa wengine. Wabillahi tawfiq.