SOMO LA MASHINI: KADI ISIYOONEKANA, JE, IMEKUFA?



Wengi wenu mlisikia kelele iliyotokea katika chumba cha kompyuta muhula uliopita, lakini si wote waliosikia mwisho wake. Tunaandika somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, yeye atakayepata tabu kama yetu asipoteze majuma matatu kama sisi. Ya pili, mwenzetu mmoja alilaumiwa bure, na inafaa wote wajue.

1. Habari yenyewe

Tulitaka kompyuta moja ya zamani iwe nyumba ya vitabu. Ndani yake tungeweka Wikipedia ya Kifaransa kwa programu inayoitwa Kiwix, pamoja na vitabu vya masomo, na kompyuta nyingine zingesoma vitabu hivyo kwa njia ya waya, bila intaneti. Wafinalisti wanajua shida yetu: kitabu kimoja cha kemia, mikono mingi, na Egzamani ya Serikali haingoji mtu.

Tukakusudia kuijengea mashini hiyo mfumo wa Linux kwa mikono yetu. Linux ilianza mwaka 1991. Aliyeianzisha ni Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, kule Finland. Maandiko yake yako wazi, kila mtu anaweza kuyasoma na kuyageuza. Programu za namna hiyo ndizo zilizowawezesha watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi katika Kiswahili, mwaka 2004. Tena kuna kitabu kiitwacho Linux From Scratch, kilichoanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999, kinachoonyesha hatua kwa hatua namna ya kujenga mfumo mzima kutoka maandiko matupu. Sisi tulikipata katika kle USB, pamoja na maandiko yote yanayohitajiwa.

Tulijenga siku nyingi, kwa nguvu ya jua, na kila jioni batri ilipoanza kuchoka tuliacha. Mwishowe mashini ikaamka kwa mfumo wetu wenyewe. Furaha ilikuwa kubwa! Kisha tukaandika amri ya kuuliza njia za mtandao:

   ip link

Ikajibu jina moja tu: lo. Hiyo lo ni njia ya mashini kujisemesha yenyewe, haitoki nje. Kadi ya mtandao, ile mafundi wetu wanaita karte rezo, haikutajwa hata kidogo.

Hapo maneno yakaanza. "Karte imekufa!" Siku mbili mbele, mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa amefungua sanduku la mashini kupangusa vumbi. Tukasema ni yeye aliiua. Tukaanza hata kuchanga franka za kutafuta kadi nyingine mjini, na yeye tukamwambia atoe sehemu kubwa. Akanyamaza, akaacha kuja katika chumba cha kompyuta.

2. Haionekani na nani?

Mwalimu mmoja alituuliza neno moja tu: "Mnasema haionekani. Haionekani na nani?" Tulikosa jibu.

Angalieni. Gari ya mizigo inasimama kando ya barabara, haiendi. Je, imekufa? Labda. Lakini labda iko mzima na shofere wake hajafika. Labda shofere iko lakini hana ufunguo. Labda yote yako tayari, ila wenye mizigo wanaita gari kwa jina lisilo lake. Kwa mtu anayetazama kutoka mbali, mambo hayo yote ni moja: gari haiendi. Kwa fundi ni mambo mane, na kila moja lina dawa yake.

Kadi ya mtandao ni vile vile. Inapita milango mitano mbele ya kufanya kazi, na kazi ya mwenye kutengeneza ni kujua imesimama mlango gani.

3. Mlango wa kwanza: chuma na waya

Zima mashini, ondoa waya wa umeme, fungua sanduku. Kadi imeingia sawasawa katika nafasi yake? Tuliitoa, tukapangusa meno yake kwa kitambaa kikavu, tukairudisha mpaka ikakaa vizuri. Kama kadi yako imejengwa ndani ya ubao mkubwa, ingia katika matengenezo ya BIOS uone kama haikufungwa huko. Jaribu na waya mwingine unaojua ni mzuri. Taa ndogo ya kadi usiiamini sana: inaweza kuwaka bila mfumo kuijua kadi.

Kisha kuna ushuhuda mwepesi kuliko yote, na sisi tuliusahau. Anayejenga Linux From Scratch anajengea juu ya Linux nyingine iliyokwisha kukamilika. Yetu ilikuwa ingali katika kle. Tukaamsha mashini kwa kle hiyo, tukauliza ip link tena, na kadi ikaonekana! Kadi ile ile, katika mashini ile ile, kiisha kupanguswa vumbi. Basi haikuwa imekufa. Mwenzetu hakuua kitu. Kosa lilikuwa katika mfumo tuliojenga sisi.

Ndugu, jaribio hilo lilitupatia jibu kwa dakika tano. Tungelifanya siku ya kwanza, lawama isingekuwako.

4. Mlango wa pili: njia ya ndani

Tukarudi katika mfumo wetu. Sasa tuliuliza kama kiini cha Linux, ndiyo kerneli, kinaiona kadi katika njia ya ndani inayoitwa PCI. Vitabu vingi vinasema tumia amri lspci, lakini amri hiyo haimo katika Linux From Scratch ya msingi, inaongezwa nyuma. Bila hiyo, kerneli yenyewe inaandika habari katika faili zake. Kadi za waya zina alama 0x020000:

   grep -l 0x020000 /sys/bus/pci/devices/*/class

Ilijibu njia yenye namba 0000:03:00.0. Hiyo ni kama namba ya nyumba ya kadi. Tukauliza mtengenezaji na aina:

   cat /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0/vendor
   cat /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0/device

Majibu: 0x10ec na 0x8168. Namba ya kwanza ni ya Realtek (Intel ni 0x8086, Broadcom ni 0x14e4). Kwa hiyo kerneli iliiona kadi tangu mwanzo, ila haikujua kuiendesha. Kama hapa usingepata jibu lolote, ungerudi mlango wa kwanza.

5. Mlango wa tatu: shofere

Kila kadi inaomba programu ya kuiendesha. Vitabu vya Kifaransa vinaiita "pilote". Sisi tunaiita shofere. Kujua kama kadi inaye:

   ls -l /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0/driver

Katika mfumo wa kle, amri hii ilionyesha jina r8169. Katika mfumo wetu ilisema hakuna faili kama hiyo. Basi gari iko, shofere haiko. Tukaingia katika maandiko ya kerneli, tukatafuta:

   grep R8169 .config

Jibu: CONFIG_R8169 is not set. Maana yake, tulipochagua sehemu za kerneli, shofere huyo tulimwacha nje. Tulikuwa tumekata sehemu nyingi ili kazi iishe mbele ya batri kuisha, na tulikata bila kuuliza mashini yetu ina kadi gani.

Dawa: make menuconfig, kisha Device Drivers, Network device support, Ethernet driver support, Realtek devices, na hapo kuchagua 8169. Ukiweka alama y, shofere anakaa ndani ya kerneli. Ukiweka m, anakaa kando katika faili yake, na ni lazima ufanye make modules_install, naye awe wa kerneli ile ile unayoamsha. Sisi tuliweka y.

Tukajenga tena, tukaamsha tena. Kadi haikuonekana!

Wengine walitaka kurudi kwenye maneno ya karte kufa. Lakini tulikwisha kujifunza kuuliza, tukauliza kerneli wewe ni nani:

   uname -v

Ikajibu #1. Hiyo ni hesabu ya mara ilizojengwa. Mpya ilipaswa kusema #2. (Tarehe inayoandikwa karibu yake usiitegemee, kwa sababu batri ndogo ya saa ikiisha nguvu, mashini ya zamani inapoteza siku na mwaka.) Tuliinakili kerneli mpya katika /boot kwa jina lingine, na GRUB, yaani programu inayoamsha mfumo, ilikuwa inaita jina la zamani. Tukasahihisha grub.cfg. Safari hii uname ikasema #2, na dmesg, ambayo ni daftari ya maneno ya kerneli, ikataja r8169.

6. Mlango wa nne: ufunguo

Kadi nyingine, zaidi zile za Wi-Fi, zinaomba programu ndogo ya kuingizwa ndani ya kadi yenyewe mbele ya kazi. Faili hizo zinakaa katika /lib/firmware. Tazama:

   dmesg | grep -i firmware

Ukiona kerneli inalia kukosa faili, itafute katika mfumo ulio kamili na uiweke mahali pake. Lakini jihadhari: shofere aliyewekwa ndani kwa alama y anaweza kuomba faili mbele ya diski kufunguliwa, asiipate, ingawa iko. Hapo ni heri kumweka kwa alama m. Kadi yetu haikuleta shida katika mlango huu.

7. Mlango wa tano: jina na anwani

Tulidhani tumemaliza, lakini mfumo ulipoamka uliandika kwamba eth0 haiko. Mtoto anaweza kuitwa nyumbani kwa jina la babu yake, na katika daftari ya shule ameandikwa jina lingine. Mwalimu akiita la nyumbani, hakuna anayeitika, na mtoto amekaa pale pale darasani. Tangu mwaka 2013 mifumo mingi ya Linux inaipa kadi jina kufuata mahali inapokaa. Tazama jina la kweli:

   ls /sys/class/net

Yetu iliitwa enp3s0. Faili yetu ya matengenezo, /etc/sysconfig/ifconfig.eth0, ilikuwa inaita jina la zamani. Tukageuza jina la faili na mstari wa IFACE ndani yake. Kwa kujaribu upesi bila kuzima mashini:

   ip link set enp3s0 up
   ip addr add 192.168.1.10/24 dev enp3s0
   cat /sys/class/net/enp3s0/carrier

Ya mwisho ikijibu 1, waya unashika. Ikijibu 0, tazama waya na upande wa pili. Kisha tukaita kompyuta ya pili, tuliyokwisha kuipa anwani 192.168.1.11:

   ping 192.168.1.11

Ikaitika. Kelele za siku ile ndizo mlizosikia mpaka uwanjani.

8. Tunalojifunza

Milango ni hii: chuma na waya, njia ya ndani, shofere, ufunguo, jina na anwani. Pita mmoja mmoja, na usiruke. Kila jibu liandike katika daftari, maana kesho utalisahau.

Tena, neno "imekufa" ni hukumu. Usiitoe mbele ya kuwauliza mashahidi. Sisi tulihukumu kadi na tukahukumu mtu kwa siku moja, na vyote viwili havikuwa na kosa. Aliyekata shofere wa kadi ni sisi. Franka zilizochangwa tumerudishia kila mtu zake, yeye wa kwanza. Tulimwendea nyumbani kuomba musamaha, akatupokea. Leo yeye ndiye anayeangalia usafi wa mashini zote, na sanduku halifunguliwi bila yeye.

Nyumba ya vitabu iko wazi kila mchana batri ikiwa na nguvu. Wafinalisti wanatangulia.

MAULIZO

1. Amri ip link inaonyesha lo tu. Je, inatosha kusema kadi imekufa? Toa sababu mbili.
2. Kadi iko katika /sys/bus/pci, lakini haina "driver". Imesimama mlango gani, na dawa yake ni nini?
3. Umejenga kerneli mpya na hakuna kilichogeuka. Utauliza amri gani kwanza?
4. Kwa nini faili iliyoandikwa eth0 inaweza kukosa kazi ingawa kadi ni nzima?
5. Eleza namna ya kuonyesha ya kama kadi ni nzima bila kununua kitu chochote.

Majibu mtuletee katika chumba cha kompyuta. Atakayekosea tutamwonyesha, kwa maana sisi tulikosea mbele yake.