Gari la Kutegemewa ni Lipi? Somo la Hesabu katika Kona za Chimala

Chimala ni mji mdogo ulio chini ya milima ya Kipengere, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Kutoka hapo njia hupanda kuelekea Matamba na uwanda wa Kitulo kwa kona kali 57, ndiyo maana mahali hapo huitwa "Hamsini na Saba". Gari linaloteremsha mgonjwa usiku katika kona hizo halina budi kufika. Je, litumike Land Rover kuukuu la Uingereza au Toyota Land Cruiser la Japani? Ubishi huu ni wa siku nyingi, lakini hesabu yaweza kuuamua.

Sehemu zinazotegemeana

Tuseme gari lina sehemu 100, na ikiharibika hata moja, gari husimama. Ikiwa uwezekano wa kila sehemu kumaliza safari salama ni 0.99, uwezekano wa gari zima ni 0.99 kwa kipeo cha 100, yaani 0.37 tu. Uwezekano wa kila sehemu ukiwa 0.999, jibu huwa 0.90. Tofauti ndogo katika sehemu moja moja huwa kubwa katika gari zima.

Wajapani walilizingatia sana jambo hili. Mwaka 1950 mtaalamu wa takwimu kutoka Marekani, W. Edwards Deming, aliwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda vya Japani kutumia takwimu ili kudhibiti ubora wakati kitu kinapotengenezwa, badala ya kungoja kukikagua kimekwisha. Mwaka 1965 Toyota ilipata Tuzo ya Deming.

Fadhila ya usahili

Land Rover, lililoanza kuuzwa mwaka 1948, lina sifa nyingine. Bodi yake ya aloi ya alumini hailiwi na kutu kama chuma, ingawa chesisi yake ya chuma huliwa. Magari yake ya awali yalitumia dainamo, ambamo umeme wote unaozalishwa hupita katika vipande vya kaboni vinavyosuguliwa na kulika. Katika alteneta, kaboni hupitisha mkondo mdogo tu wa kuamsha usumaku, hivyo hudumu zaidi. Hata hivyo, mitambo ya Land Rover ni sahili: fundi mwenye spana chache aweza kurekebisha platini au kabureta kando ya njia.

Kupima pande zote mbili

Tuchukue mfano wa kubuni. Gari A hufanya kazi siku 20, kisha hutengenezwa kwa siku 1. Gari B hufanya kazi siku 100, kisha hungoja kipuri siku 10. Sehemu ya muda ambao A liko tayari ni 20/21, yaani 0.95, ya B ni 100/110, yaani 0.91. Kwa kazi za shambani, A linafaa zaidi. Lakini A huharibika njiani mara nyingi zaidi, na mgonjwa aliye katikati ya kona hawezi kungoja spana. Kwake, B ndilo bora.

Kwa hiyo, kabla ya kusifu gari, sharti kwanza ijulikane kazi yake.

Maswali

1. Gari lina sehemu 50, kila moja ikiwa na uwezekano wa 0.998. Tafuta uwezekano wa gari zima.
2. Kipuri cha gari B kikipatikana kwa siku 2 badala ya 10, gari lipi litakuwa tayari zaidi? Eleza faida ya kuweka akiba ya vipuri.